Madoa Kwenye Vinia: Jinsi Gundi Inavyopenya na Namna ya Kumalizia Kazi Iliyopenywa

Mlango, kabati au uso wa meza uliobandikwa vinia unaweza kupita hatua zote za utengenezaji bila kuonyesha kasoro yoyote, ukapigwa msasa ukalainika, ukafutwa vumbi, kisha ukaharibika mbele ya macho ya fundi mara tu anapoanza kuutia rangi. Sehemu kubwa hukolea vizuri, lakini hapa na pale hubaki madoa yaliyopauka, mengine nukta tu, mengine mapana kama kiganja. Mwenye kazi humlaumu aliyeuza rangi, fundi huilaumu vanishi, na mara nyingi ushauri unaotolewa ni kuongeza mkono wa pili wa rangi, jambo ambalo huyafanya madoa yaonekane zaidi, kwa kuwa sehemu safi huzidi kukolea huku madoa yakibaki vilevile. Rangi haina kosa. Kinachoonekana ni gundi iliyopenya kutoka chini ya vinia hadi juu yake, na ilikuwapo hapo tangu siku ambayo vinia ilibandikwa.

Kwa kuwa maneno ya kazi hii hutumiwa kwa maana zinazotofautiana, ni vyema kuyaweka sawa mapema. Vinia ni ganda jembamba la mbao halisi ambalo hubandikwa juu ya ubao mwingine, aghalabu plaiwudi, MDF au chipubodi (mbao za unga au vipande vidogo vya mti vilivyoshindiliwa kwa gundi), ili ubao huo uonekane kama mti wa thamani. Ubao wa chini nitauita ubao wa msingi. Kumalizia ni kazi yote inayofuata baada ya gundi kukauka: kupiga msasa, kutia rangi, kuziba vinyweleo na kupaka tabaka la kulinda. Rangi ya mbao, ambayo mafundi wengi huiita steini, ni ile inayobadilisha rangi ya mti huku nyuzi zake zikiendelea kuonekana. Si rangi nzito ya kufunika. Gundi kupenya ni pale ambapo gundi iliyopakwa kati ya ubao wa msingi na vinia hupita ndani ya vinia yenyewe na kutokea upande wa juu.

Njia ambazo gundi hupitia

Ufundi wa kubandika vinia ni wa kale sana. Samani za Misri ya kale, zikiwemo zilizopatikana katika kaburi la Tutankhamun, zilipambwa kwa vipande vyembamba vya mpingo na pembe za ndovu. Kwa karne nyingi vinia ilipasuliwa kwa msumeno, na unene wake ulifika milimita 1, 2 au zaidi. Vinia ya viwandani leo hukatwa kwa kisu, na unene uliozoeleka ni takriban milimita 0.6, ipo hata iliyo nyembamba kuliko hapo. Mabadiliko haya ya unene ndiyo yaliyolifanya tatizo la gundi kupenya kuwa la kila siku.

Mti hai hupandisha maji kutoka mizizini kwa mirija inayoelekea juu kufuata urefu wa shina. Mti unapopasuliwa, mirija hiyo hukatwa na kubaki wazi, nayo ndiyo tunayoiita vinyweleo. Katika mwaloni, mirija inayoota mwanzoni mwa msimu ina upana wa takriban milimita 0.2 hadi 0.4. Ukilinganisha kipimo hicho na unene wa vinia, utaona kwamba vinia ya mwaloni ya milimita 0.6 ina unene wa mirija miwili au mitatu tu. Tena kisu hakikati sambamba kabisa na mirija. Daima kuna mteremko mdogo, hivyo mrija mmoja unaweza kuanzia upande wa chini wa vinia na kuishia upande wa juu. Huo ni mfereji uliokamilika, na gundi nyepesi ikisukumwa kwa uzito haina sababu ya kutoufuata. Miti yenye vinyweleo vikubwa, kama mwaloni, mkangazi na mvule, hupenywa kwa urahisi zaidi kuliko miti yenye vinyweleo vidogo sana.

Vinia zinazopendwa kuliko zote kwa uzuri ndizo zilizo hatarini zaidi. Vinia inayotokana na nundu za shina, au na sehemu ambapo tawi kubwa linaachana na shina, ina nyuzi zinazozunguka na kujikunja, na uzuri wake wote unatokana na hilo. Lakini nyuzi zinapojikunja, mirija nayo hugeuka na kusimama wima ndani ya vinia, ikiutoboa unene wote kutoka chini hadi juu. Fundi anayebandika vinia ya namna hiyo kwa kiasi kile kile cha gundi anachotumia kwa vinia ya nyuzi zilizonyooka atapata gundi juu karibu kila mahali.

Kuna pia nyufa za kisu. Kisu kinapokata vinia, ganda hupinda linapoachana na gogo, na upande uliopinda kwa nje hupata mipasuko midogo isiyoonekana kwa macho kwa urahisi. Kwa sababu hiyo kila vinia ina upande mbana na upande legevu. Ukiipinda vinia taratibu kwa mikono kufuata nyuzi, utaona inapinda kwa urahisi zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Inapopinda kwa urahisi, upande ulio nje ya pindo ndio legevu. Kanuni ya jumla ni kuugandisha upande legevu chini na kuuacha upande mbana juu, kwa kuwa upande mbana hupigika msasa vizuri na hunywa rangi kwa usawa.

Kwa nini doa halionekani mpaka rangi ipite

Gundi nyeupe ya mbao, ile ya PVA, ikikauka hugeuka kuwa utando unaopitisha mwanga. Juu ya mbao kavu iliyopigwa msasa utando huo hauonekani, hasa vumbi la msasa linapokuwa limetulia juu yake. Rangi ya mbao, hata hivyo, hufanya kazi kwa kuingia ndani ya nyuzi na vinyweleo, na pale ambapo gundi imeshajaza nafasi hizo, rangi haina pa kuingia. Mtu akidondosha nta iliyoyeyuka juu ya kitambaa cheupe kisha akakichovya kwenye rangi, kitambaa chote kitashika rangi isipokuwa pale penye nta. Gundi ndani ya vinia hufanya vivyo hivyo, na ndiyo maana kuchagua rangi nyeusi zaidi hakuondoi tatizo bali huongeza tofauti kati ya doa na sehemu inayolizunguka.

Jambo moja muhimu halisemwi vya kutosha: kama kazi haitiwi rangi kabisa, bali inapakwa laka au vanishi isiyo na rangi, madoa mengi ya gundi hupotea au hufifia kiasi cha kutosumbua mtu. Vanishi hulowesha mbao na kuzipa mwonekano wa unyevu unaodumu, nayo gundi safi iliyokauka hupitisha mwanga karibu sawa na vanishi yenyewe, hivyo macho hayaoni mpaka kati ya vitu hivyo viwili. Hali haiwi hivyo kwa gundi iliyochanganywa na unga wa kujazia, ambayo hubaki na weupe wake ndani ya vinyweleo, wala kwa kazi inayomaliziwa kwa mafuta ya kunyonywa. Mafuta yanapokutana na gundi hayanyonywi; hubaki juu yakinata au yakimeta, huku sehemu ya jirani ikiwa imefifia.

Gundi hazifanani

Kabla ya kuamua tiba, lazima ijulikane ni gundi gani iliyotumika, kwa kuwa inayofaa kwa moja inaweza kuwa bure au hatari kwa nyingine. Makosa mengi ya ukarabati hutokana na kulipuuza swali hili.

Gundi ya wanyama, inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi na mifupa, ndiyo nyepesi kushughulikia. Huyeyuka tena kwa maji ya uvuguvugu hata baada ya miaka mingi, na kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa vizuri kinatosha kuiondoa juu ya vinia. Samani za zamani zilibandikwa kwa gundi hii, na warekebishaji huipenda mpaka leo kwa sababu hiyo hiyo.

PVA ni tofauti kidogo. Haiyeyuki kabisa kwa maji ikishakauka, lakini aina za kawaida huvimba na kulainika zikiloweshwa kwa maji ya moto kiasi, hasa yakiongezwa siki, na hulainika pia kwa joto. Sifa hii ya pili ina madhara yake kwenye msasa: mashine ya msasa ikikaa mahali pamoja, joto la msuguano huigeuza gundi kuwa ulimbo unaoziba karatasi na kusukumwa zaidi ndani ya vinyweleo. Aina za PVA zilizotengenezwa kuhimili maji hazikubali siki wala maji kwa kiwango cha kusaidia.

Gundi za unga au kimiminika zenye msingi wa urea na formaldehaidi, pamoja na epoksi na gundi za poliurethani, zikishakomaa hazirudi nyuma. Hakuna kiyeyushi cha kawaida kitakachoziondoa bila kuangamiza vinia kwanza. Kwa hizi, chuma na msasa ndivyo vinavyobaki. Zina faida moja, nayo ni kwamba zikiwa ngumu hukwanguka vizuri na haziburuziki kama PVA.

Gundi ya mpira, ile inayopakwa pande zote mbili, ikaachwa ikauke na kisha pande zikagusanishwa, haipenyi sana wakati wa kubandika kwa kuwa inakuwa imeshakauka. Hatari yake huja baadaye. Thina iliyomo kwenye laka hupita ndani ya vinyweleo, huilainisha gundi iliyo chini, na vinia huinuka kwa malengelenge. Anayemalizia kazi iliyobandikwa kwa gundi hii afadhali atumie mikono mingi myembamba sana, akiiacha kila moja ikauke kabisa, au achague laka yenye msingi wa maji. Binafsi sioni sababu ya kuitumia gundi ya mpira kwa vinia tupu isiyo na mgongo wa karatasi, ijapokuwa wengi huipenda kwa sababu haihitaji vibanio.

Kuzuia wakati wa kubandika

Imani iliyoenea ni kwamba gundi nyingi hushika zaidi. Si kweli. Nguvu ya kiungo hutokana na tabaka jembamba lililosambaa bila kuacha pengo, na gundi ya ziada haina kazi nyingine ila kutafuta njia ya kutokea, iwe ni pembeni au juu. Kwa gundi za kawaida za vinia, kiasi kinachotosha ni kati ya gramu 100 na 200 kwa mita ya mraba, kutegemea gundi yenyewe na ubao wa msingi. Kipimo hiki hakihitaji vifaa vya kiwandani. Fundi anaweza kupima ubao wake kwa mizani kabla na baada ya kupaka gundi, na akifanya hivyo mara chache jicho lake litazoea jinsi tabaka sahihi linavyoonekana.

Gundi ipakwe kwenye ubao wa msingi, si kwenye vinia. Vinia ikipakwa gundi yenye maji huvimba, hujikunja, na huanza kuinywa gundi hata kabla ya kukandamizwa. Rola ndogo ya sponji au kipande chenye meno madogo husambaza vizuri kuliko brashi, ambayo huacha mistari minene. Kisha vinia ilazwe na kukandamizwa bila kuchelewa. Kati ya vinia na ubao wa kukandamizia iwekwe nailoni ili visigandane, na kama kupenya kunatarajiwa, karatasi nyeupe isiyochapishwa iwekwe kwanza juu ya vinia inyonye kitakachotokea. Karatasi ya gazeti haifai, kwa kuwa wino wake unaweza kuhamia kwenye mbao.

Uzito wa gundi yenyewe, yaani kutiririka au kutotiririka kwake, una athari kubwa. Gundi zinazouzwa mahususi kwa vinia huwa nzito kuliko PVA ya kawaida, na baadhi zimechanganywa na unga wa kujazia unaoziba vinyweleo kabla gundi haijafika juu. Kuongeza maji kwenye gundi ili ipakike kwa urahisi ni kuualika ugonjwa.

Njia nyingine, ambayo naiona haithaminiwi inavyostahili, ni kubandika PVA kwa pasi. Gundi hupakwa nyembamba kwenye ubao wa msingi na nyuma ya vinia, ikaachwa ikauke, kisha vinia ikalazwa na kupigwa pasi mpaka tabaka mbili zilainike na kushikana. Maji yanakuwa yameshaondoka kabla ya pande hizo kugusana, hivyo kupenya hupungua sana. Ubaya wake ni kwamba vinia iliyovimba kwa gundi inabidi iachwe itulie, na joto la pasi linaweza kuisinyaza vinia kubwa na kufungua maungio.

Vinia ya nundu hustahili tahadhari ya ziada. Mafundi wengi hupaka nyuma yake tabaka jembamba sana la gundi iliyopunguzwa makali, au la shelaki nyepesi (vanishi ya utomvu wa wadudu inayoyeyushwa kwa spiriti), huiacha ikauke, huipiga msasa kidogo, kisha ndipo hubandika kwa kawaida. Tabaka hilo huziba midomo ya mirija. Lisiwe zito, kwa sababu shelaki nene huizuia gundi isiishike mbao. Anayetaka kujiepusha na haya yote anaweza kununua vinia yenye mgongo wa karatasi au iliyounganishwa na vinia nyingine chini yake, ambayo kupenya kwake ni kwa nadra.

Hata baada ya tahadhari zote, kiasi kidogo cha gundi kinaweza kutokea. Ndiyo maana ni busara kutia gundi rangi kabla ya kuitumia, kwa unga wa rangi au rangi inayokubali maji, ili ifanane na vinyweleo vya mti wenyewe. Gundi ya kahawia iliyokoza ikijaza kinyweleo cha mkangazi huonekana kama kinyweleo. Gundi nyeupe mahali hapo hapo huonekana kama kosa.

Kutambua, na kutochanganya na kasoro nyingine

Usitie rangi vinia yoyote kabla ya kuilowesha kwanza kwa tapentaini au spiriti na kuitazama kwa mwanga unaoingia kwa pembeni. Penye gundi hapalowi. Hubaki pamepauka na pana mpaka ulio wazi, wakati mbao safi hukoza mara moja. Spiriti hukauka kwa dakika chache na haisimamishi nyuzi. Maji yanaonyesha pia, lakini husimamisha nyuzi na kuilainisha PVA, kwa hiyo ni chaguo la pili. Taa ya mwanga wa urujuanimno husaidia kwa baadhi ya gundi ambazo hung'aa chini yake, ingawa si zote.

Kipimo hiki kina faida ya pili: kinatenganisha gundi na kasoro zinazofanana nayo. Kama vinia imepangwa kwa kufungua vipande kama kurasa za kitabu, kipande kimoja kitakuwa na upande mbana juu na kinachofuata kitakuwa na upande legevu, na vitakunywa rangi kwa viwango tofauti. Hapo tofauti hufuata mpaka wa kipande kizima, kushoto chepesi, kulia cheusi, na kukwangua gundi ambayo haipo kutaiharibu kazi bure. Madoa meusi au ya bluu iliyokoza kwenye mwaloni nayo si gundi. Hayo hutokea pale chuma, iwe ni vumbi la sufi ya chuma au kibanio kilichogusa gundi yenye maji, kinapokutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mti. Dawa yake ni asidi oksaliki, ambayo ni sumu na inahitaji glavu na kusuuzwa vizuri. Gundi ya kasini, ambayo hutengenezwa kwa maziwa na ina tabia ya alkali, inaweza kuutia weusi mti wenye tanini, na hapo ni gundi kweli lakini athari yake ni kuchoma rangi ya mti, si kuizuia.

Kuondoa kinachoweza kuondolewa

Gundi ikionekana mara tu baada ya kutoa kazi kwenye vibanio, kishawishi ni kuifuta kwa kitambaa chenye maji mengi. Kufanya hivyo huipunguza makali na kuisambaza, na doa la sentimita 2 likageuka utando mwepesi wa nusu meza. Ni heri kuiacha ikauke kabisa, kwa PVA walau usiku kucha, ndipo ishughulikiwe.

Kifaa cha kwanza ni kipande cha chuma chembamba cha kukwangulia, kilichonolewa, kikishikwa kwa kuinamishwa na kuvutwa kufuata nyuzi. Kinainua gundi bila kuisukuma ndani na bila joto. Baada yake hufuata msasa wa namba 150, kisha 180, na pengine 220, kwa mkono na karatasi mpya, ukikomea pale ambapo kipimo cha spiriti kinaonyesha usawa. Fundi akumbuke wakati wote kwamba ana milimita 0.6 tu, na kwamba akiondoa milimita 0.1 ameshatoa moja ya sita ya mti alionao. Wanaosema msasa hutatua kila kitu wanasahau kwamba gundi haijakaa juu tu; imejaa mrija mzima kutoka chini. Msasa unaweza kuondoa utando wa juu na kuzisafisha nyuzi kati ya kinyweleo na kinyweleo, lakini kuimaliza gundi ndani ya vinyweleo kwa msasa ni kuimaliza vinia yenyewe.

Kwa vinyweleo vikubwa kuna brashi ya waya za shaba nyeupe. Waya hizo ni laini kuliko chuma na haziachi mabaki yanayoweka weusi kwenye mwaloni. Kwa PVA ya kawaida, kitambaa cha pamba kilichochovywa kwenye maji ya moto yenye siki, kikakamuliwa, hukandamizwa juu ya doa kwa dakika chache, kisha brashi hupitishwa taratibu kufuata nyuzi na uchafu ukafyonzwa kwa kitambaa kikavu. Kazi ifanywe kwa eneo dogo dogo. Maji yale yale yanayolainisha gundi ya juu yanaweza kufika kwenye gundi ya chini, na vinia ikianza kuinuka inabidi ikandamizwe upya ikiwa bado na joto, ikiwekewa uzito mpaka ikauke. Mahali palipoloweshwa papewe siku nzima ya kukauka kabla ya msasa wa mwisho.

Kumalizia juu ya kilichobaki

Baada ya kukwangua na kusugua, sehemu ya gundi itabaki. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, ilhali ndipo ustadi wa mmaliziaji unapohitajika zaidi. Wazo la msingi ni rahisi: kama mti hauwezi tena kunywa rangi kwa usawa, rangi isiwekwe ndani ya mti, iwekwe ndani ya tabaka la juu.

Kwanza uso wote huzibwa kwa shelaki nyepesi isiyo na nta, gramu 60 hadi 120 kwa lita moja ya spiriti. Ikishakauka na kupitishiwa msasa laini, penye gundi na pasipo na gundi huwa na uso mmoja unaofanana. Nta ikiwemo kwenye shelaki, vanishi ya poliurethani haitashika vizuri juu yake, kwa hiyo aina isiyo na nta si anasa. Juu ya shelaki hupakwa rangi nzito ya kufuta, ambayo haitegemei kunywewa. Hupakwa, hufutwa, na hubaki kidogo juu na zaidi ndani ya vinyweleo vilivyo wazi. Ikikauka huzibwa tena. Kisha, kwa anayemiliki pampu ya kupulizia, laka iliyotiwa rangi kidogo hupulizwa kwa mikono myembamba mpaka uso ukaribiane, ikifuatiwa na laka safi. Kila mkono wa rangi unaopulizwa huficha uzuri wa mti kwa kiasi fulani, na kuna mahali pa kusimama. Mbao zilizo na tofauti ndogo ya rangi zinapendeza kuliko zilizofukiwa.

Asiye na pampu anaweza kuyafuata madoa moja moja. Juu ya shelaki iliyokauka, kwa brashi nyembamba sana na unga wa rangi uliochanganywa na shelaki, huchora vinyweleo vilivyokosekana na kukoza sehemu iliyopauka kidogo kidogo, akisimama mbali mara kwa mara kutazama. Spiriti ikizidi itayeyusha tabaka la chini, hivyo mkono uwe mwepesi na brashi iwe karibu kavu. Kazi hii ni ya subira, lakini kwa doa moja katikati ya meza nzuri hakuna njia yenye matokeo bora zaidi.

Liko jambo la mwisho ambalo huwashangaza hata wazoefu. Rangi ikishasawazishwa, doa linaweza kuonekana tena kwa sababu ya umbile, si kwa sababu ya rangi. Penye gundi vinyweleo vimejaa na vanishi hulala tambarare. Pembeni yake vinyweleo viko wazi na vanishi huzama. Taa ikimulika kutoka ubavuni, eneo la gundi humeta peke yake. Haliondoki kwa kuongeza vanishi mkono mmoja au miwili. Linaondoka kwa kujaza vinyweleo vya uso mzima kwa kijazio cha vinyweleo vya mbao kilichotiwa rangi ya mti, kikisuguliwa kwa kukingama na nyuzi, kikafutwa, na kuachwa kikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo kabla ya tabaka la kwanza la vanishi. Asiyetaka uso uliojazwa, kwa kuwa anapenda kuhisi vinyweleo kwa vidole, abadilishe kiwango cha mng'ao: vanishi yenye mng'ao hafifu hutawanya mwanga na kuificha tofauti hiyo kwa sehemu kubwa.

Ikiwa gundi imefunika zaidi ya nusu ya uso, na ni ya aina isiyolainika, hesabu hubadilika. Muda wa kukwangua na kuchora utazidi muda wa kubandika vinia mpya. Vinia ya zamani, ikiwa imeshika imara na imesawazishwa kwa msasa wa namba 80, inaweza kuwa msingi mzuri wa vinia mpya, mradi nyuzi za mpya zikingame na za zamani na gundi ipimwe kabla ya kumwagwa.